Sahani ya Jani la Isale

Bi Saadiya binti Abdulla wa Mtaa wa Narung'ombe alikuwa na wazimu wa sahani. Si mimi niliyesema. Mtaa mzima ulisema, na mumewe Ubeid, muuza tende na buni, ndiye aliyeanza. Wanawake wenzake wa miaka ile wakipata chochote walikimbilia doti mpya ya kanga. Yeye alinunua sahani za bati, zile nyeupe zenye ukingo wa buluu, akazifunga kwenye kitambaa na kutoka nazo, leo Gerezani, kesho Ilala, akibisha hodi kwa mabibi wenye makabati ya zamani.

"Bibi, huna sahani ya kale ya kaure, yenye jani au ua? Nipe hiyo, nikupe hizi mpya."

Mabibi walimwonea huruma. Bati likianguka halivunjiki, na huyu mke wa watu anataka kulibadilisha na sahani yenye ufa! Walimpa upesi kabla hajapata akili, na alipokwisha toka mlangoni walicheka mpaka wakajifuta machozi.

Lakini msidhani alizoa tu kila kilichokuja. Alitaka zilizotengenezwa kwa mkono, na alitaka ziwe na mimea. Akipewa sahani aliipindua kwanza, akapapasa tako lake kutafuta mahali kidole cha mfinyanzi kilipobonyea, kisha akaisogeza penye mwanga atazame mchoraji aliinua brashi wapi. Zile za mashine, zilizogongwa ua lile lile kama muhuri wa posta, hakuzitaka hata bure. Sebule yake ilijaa mizabibu, majani ya mtini, maua ya mpopi, na bakuli moja la samli lililochorwa mmea wa miiba ambao hakuna aliyejua unaota nchi gani. Uani kwake haukuwapo mti hata mmoja. Palikuwa na mchanga mgumu, kisima kilichokauka na kamba ya nguo.

"Nyumba hii imekuwa shamba," Ubeid alimtania. "Iko siku nitarudi nikute mbuzi wa watu ameingia kula."

Katika shamba hilo kitu kimoja tu hakikubadilishwa na bati. Kilikuwa bakuli la makomamanga alilokuja nalo mama yake kutoka Bagamoyo alipoolewa. Komamanga moja lilichorwa limepasuka, punje zake zikaonekana moja moja, na mchoraji alikuwa amekosea akaweka punje nje ya tunda, peke yake, karibu na ukingo. Saadiya alipokuwa mtoto mwenye homa, mama yake alimpozea uji ndani ya bakuli hilo na kumwambia anywe mpaka aione ile punje iliyopotea. Mama alikufa vita vya pili vilipokuwa vikiisha. Ikabaki punje.

Candida aliingia nyumba ya pili mwaka hamsini na moja. Mumewe Melkiori aliuza vitunguu na viazi kwa jumla karibu na soko la Kariakoo, na wote wawili walitoka Kibosho, mlimani Kilimanjaro. Walikuwa na binti mmoja, Agnesi. Nyua za nyumba zile mbili zilitenganishwa na mabati chakavu, na bati moja lilikuwa limeng'oka chini. Siku ya kwanza Saadiya alipitisha hapo sahani ya vitumbua, kama jirani anavyofanyiwa. Kesho yake sahani ikarudi kupitia tundu lile lile, imeoshwa mpaka inang'aa, na tupu.

Saadiya alizunguka mpaka mlango wa mbele wa jirani.

"Mwanangu," alimwambia, "sisi watu wa pwani sahani ya jirani haturudishi tupu. Tia hata chumvi ndani ya karatasi. Hata ndizi moja. Ukinirudishia tupu ni kama umeniambia tumemalizana."

Candida alishika mdomo kwa aibu. "Uwii, Bi Saadiya. Nisamehe. Mimi niliona ni adabu kuiosha."

Wakacheka, na kucheka huko ndiko kulikowafunga. Tangu hapo tundu la bati halikupumzika. Vitumbua vilikwenda, ndizi za kupika zikarudi. Pilau ikaenda, maharage ya mlimani yakarudi. Candida alikuwa mdogo kwa Saadiya kwa miaka mingi na kila asubuhi shikamoo yake ilipita bati kabla ya jua kupanda, lakini alikuwa mtu pekee katika mtaa ule aliyezitazama sahani bila kucheka. Alisimama mbele ya ukuta akazisoma. Hili jani linafanana na la kahawa. Huyu aliyechora hili hajapata kuona mgomba, angalia alivyoukunja.

"Mama yangu anayo moja," alisema siku moja. "Sista wa misheni aliifinyanga kwa udongo wa mtoni na kuichoma mwenyewe, na mama akamwomba amchoree jani la isale."

"Isale ndilo nini?"

"Jani tu la kwetu. Refu, kijani. Tunapanda mipakani."

"Niletee nilione. Nitampa mama yako bati za nyumba nzima."

"Ile haiuzwi, Bi Saadiya. Wala haibadilishwi."

Saadiya aliacha kuiomba, lakini hakuacha kuitamani. Mara nyingine alimwuliza Candida, kama mtu anayeulizia hali ya mgonjwa, ile sahani ya mlimani hajambo?

Mwaka hamsini na tano Agnesi alipokea komunyo ya kwanza. Wageni wangekuwa wengi, na Candida alikuja kuazima vyombo. Saadiya alishusha ukuta mzima. Alishusha mizabibu, alishusha mtini, akazifunga moja moja kwa kanga kuukuu, na alipokwisha alisimama akafikiri, akaenda kulitoa bakuli la makomamanga. Hakuna aliyemwomba. Alitaka tu mtoto yule ale wali wake wa komunyo ndani yake. Upendo aliokuwa nao kwa nyumba ile ulikuwa mkubwa hivyo, nami nautaja hapa kwa sababu ya yale yatakayofuata.

Kesho yake alasiri, wanawake wa mtaa walikuwa wamekaa uani kwa Saadiya wakisukana, Candida akaingia kwa mlango wa mbele na sinia kichwani. Kila sahani ilikuwa na kitu, huku sukari, huku mayai, huku kipande cha keki. Katikati palikuwa na kitambaa cheupe. Alipiga magoti, akakifungua. Lilikuwa bakuli, vipande vipande.

"Liliniponyoka wakati wa kuosha," alisema, na machozi yakamtoka. "Bi Saadiya, mkono wangu mwenyewe. Sijui niseme nini."

Saadiya alitazama vipande. Alikuwa akiitafuta ile punje, wala hakuiona. Akasema, mbele ya watu:

"Kosa ni langu. Watu waliozoea kulia kwenye majani ya migomba, sahani nawapa za nini?"

Wanawake walicheka. Sidhani walicheka kwa ubaya. Ulimi mkali ukitolewa uani, watu hucheka. Lakini walicheka. Candida aliinuka, akakung'uta mchanga magotini, akaaga kila mmoja kwa jina lake na kutoka. Jioni ile Saadiya alisikia nyundo. Melkiori alikuwa akipigilia lile bati lililong'oka.

Tuseme ukweli, Saadiya alijuta kabla ya misumari kwisha. Ubeid alipoelezwa aliweka kikombe chini.

"Bakuli ni udongo," alisema. "Nenda kamwombe radhi huyo mtoto wa watu."

"Aliyevunja ni nani? Na aje yeye. Akibisha hodi tu, mimi nitakuwa wa kwanza kumkumbatia."

Alimaanisha. Aliketi siku nyingi akingoja hodi. Kwao ndivyo ilivyokuwa: mwenye kosa huja kwa miguu yake, hukaa mkekani, husema niwie radhi, na mwenye kukosewa humwinua. Alikwisha yapanga hata maneno ya kumwinulia. Angemwambia, nami ulimi wangu uliteleza, mwanangu, tusameheane. Kilichokosekana ni hodi tu.

Hodi ilipokuja, alikuwa Melkiori. Alivaa koti la Jumapili ingawa siku ilikuwa ya kazi, na amebeba kitu kimefungwa kwa gazeti.

"Karibu, Baba Agnesi. Kaa."

"Sikai, Bi Saadiya. Mama Agnesi amenituma nikupe hii."

Ilikuwa sahani ya mlimani. Saadiya aliijua kabla gazeti halijamaliza kufunguka. Ilikuwa nzito, ya rangi ya maziwa, haikukaa sawa kwa upande mmoja, na katikati yake jani moja refu la kijani lilichorwa likiwa limefungwa fundo. Kidole cha mfinyanzi kilionekana wazi chini. Na juu yake hapakuwa na kitu. Hapakuwa na sukari, wala ndizi, wala chembe ya chumvi.

Melkiori alisimama na kofia mkononi. Alikuwa akingoja.

"Nimwambie nini?" aliuliza hatimaye.

"Mwambie nimeiona," Saadiya akasema.

Wachagga wanaosoma hapa wamekwisha shika vichwa. Wengine niwaeleze. Jani la isale mlimani si la mipakani tu. Mtu akimkosea mwenziwe, hulifunga fundo na kulipeleka kwa mkono wa mtu mwingine wa heshima, maana mwenye kosa hastahili kuja na uso wake mpaka aitwe. Halisindikizwi na maneno. Halisindikizwi na zawadi. Likifika, anayelipokea hana budi kujibu, na jibu ni moja tu, hata kama aliyempoteza ni mwana: njoo tule pamoja. Candida alikuwa amemwandikia mama yake amtumie kitu ambacho hakiuzwi wala hakibadilishwi. Hakuomba msamaha wa bakuli kwa jani la kuchuma njiani. Aliuomba kwa sahani ya mama yake, ili ibaki ukutani mahali palipokuwa na bakuli la mama wa mwenziwe. Na yeye ndiye aliyetukanwa.

Saadiya aliona nini? Aliona sahani tupu. Na huyu Candida alikwisha fundishwa kwa kinywa cha Saadiya mwenyewe, siku ya kwanza ya ujirani, kwamba sahani tupu maana yake tumemalizana. Basi amelipa. Amemtuma mume, kama mtu anavyolipa deni la dukani, na amefunga hesabu. Iliuma, nao uchungu ule ulichanganyika na furaha ambayo baadaye alijichukia kwayo, kwa sababu sahani aliyoitamani miaka yote sasa ilikuwa yake. Akaitundika ukutani mkabala na mlango. Lile fundo aliona ni pambo.

Siku moja asubuhi mlango wa mbele ulikuwa wazi, na Candida alipita na kikapu akielekea sokoni. Aliiona. Alisimama barabarani. Saadiya alikuwa ndani, kivulini, na alimwona vizuri: amekonda, kitambaa cha kichwa kimefungwa ovyo. Sema hodi, Saadiya aliomba moyoni. Sema tu. Na Candida pale nje alikuwa akingoja kuitwa, kwa kuwa jani lake lilikuwa limepokelewa na limetundikwa watu walione, na bado haambiwi njoo. Mtu wa mkokoteni alimpigia kelele apishe. Akapisha, akaenda zake.

Krismasi ilipofika, Melkiori, mkewe na Agnesi walikwenda mlimani kama kila mwaka. Januari alirudi Melkiori peke yake, kwa siku chache, kufunga duka. Saadiya alizipata habari sokoni kwa muuza vitunguu: Mama Agnesi alishikwa na homa ya mapafu huko juu kwenye baridi, hakupona, amezikwa katika migomba ya kwao. Saadiya alirudi mbio, kanga moja imemwanguka njiani asijue, akakuta mlango wa jirani una kufuli. Alikaa pale kizingitini. Ubeid ndiye aliyemwinua na kumwingiza ndani, na usiku kucha hakumkumbusha neno lolote, jambo ambalo lilimwumiza kuliko kukumbushwa.

Hapo angalau alikuwa na kitu cha kushikilia. Alijiambia, alinikata kwanza yeye. Alinitumia sahani tupu. Mimi nilikosa kwa ulimi, yeye alikosa kwa moyo, Mungu atusamehe sote. Juu ya hilo aliishi mwaka mzima na zaidi, na watu wakaona anaanza kupata nafuu. Alirudi hata Ilala na sahani zake za bati.

Kisha akaja Severa, dada yake Melkiori, aliyekuja Dar kuchukua vitu vilivyobaki dukani. Mwanamke mrefu, mpole, mwenye rozari shingoni. Alipita kumsalimu jirani wa marehemu wifi yake. Alipewa kahawa na tende, akaulizwa habari za Agnesi, akasema anasoma kwa masista, ni mzima. Ndipo alipoinua macho akaona ukuta. Akaweka kikombe chini.

"Kumbe mlipatana," alisema, na uso wote ukamfunguka. "Mungu ni mwema. Na yeye amekufa hajui."

"Tulipatana nani?"

"Wewe na Candida. Si hii hapa, umeipokea."

Saadiya hakuelewa, na Severa alipoona haelewi, uso wake ulijifunga tena polepole. Akamweleza. Alieleza kwa sauti ya chini, akichagua maneno, kama yale niliyowaeleza ninyi. Alipofika kwenye fundo alilionyesha kwa kidole bila kuligusa.

"Hakuniambia," Saadiya alisema.

"Haliambiwi, mama. Ukilitolea maneno umeliharibu."

"Nilimwambia mimi sahani tupu maana yake nini. Alijua."

"Alijua," Severa akasema. "Melkiori alimwuliza, tusitie hata ndizi? Akasema, hii si sahani ya chakula, hii ni jani, Bi Saadiya anayajua majani kuliko mtu yeyote mjini, ataliona. Kule nyumbani, kila mtu aliyefika kutoka Dar alimwuliza, yule mama amejibu? Hata homa ilipompanda. Tulimdanganya mwishoni. Tukamwambia ndiyo, amejibu. Akatutazama tu. Alijua tunamdanganya, kwa sababu hatukuweza kumwambia umesema nini."

Saadiya aliinuka, akaishusha sahani na kumwekea mapajani. "Mrudishie mama yake. Nakuomba."

Severa aliishika kidogo, kisha akamrudishia kwa mikono miwili. "Hairudi. Likishapokewa limepokewa. Usijitese, mama. Wewe si wa kwetu, ungejuaje?"

Alisema kwa huruma, na ndilo neno lililomvunja. Angetukanwa angepumua. Mgeni alipoondoka Saadiya alilia kama ambavyo hakulia siku ya kufiwa, alilia kwa sauti, na Ubeid aliyeingia kutoka dukani alisimama mlangoni na kibao chake cha hesabu kwapani. Aliyalaumu macho yake. Macho yaliyoweza kuona mahali brashi ilipoinuliwa na fundi aliyekufa zamani, hayakuona mtu hai ameweka nini juu ya sahani.

Kesho yake aliroweka mchele. Alisaga, akaukoroga kwa nazi na iliki, akaumua, akakaanga vitumbua, vile vidogo alivyovipenda Candida, vyenye kuungua kidogo pembeni. Alivipanga juu ya jani la isale mpaka fundo likafunikwa. Alikwenda kwanza nyuma, kwenye mabati, kwa mazoea ya miguu, akakuta misumari ya Melkiori imeshika kutu. Akazunguka mbele. Sahani sasa ilikuwa na kitu, na jibu alikuwa nalo. Lilikuwa neno fupi. Njoo tule.

"Hodi," alisema.

Aliyefungua alikuwa Zamda, mke wa fundi cherehani Mrisho, wapangaji wapya, watu wa Mafia. Mikono yake ilikuwa na unga.

"Shikamoo, Bi Saadiya. Ya nini yote haya leo?"

Saadiya alitazama juu ya bega la yule binti, ndani, ukumbini, mahali palipokuwa na picha ya Bikira Maria na sasa palining'inia suruali za wateja. Neno lilikuwa kinywani. Hakuwapo wa kuambiwa.

"Vitumbua tu, mwanangu," alisema. "Mle."

Zamda alishukuru sana. Aliichukua sahani, akaingia nayo jikoni, na Saadiya aliusikia mlio wa vitumbua vikimiminwa kwenye ungo, maji yakimwagwa, kitambaa kikifuta. Alikuwa binti aliyelelewa vizuri na wazee wa pwani. Alirudi akiipakata kwa heshima, na katikati yake, juu ya fundo, alikuwa ametia sukari ndani ya karatasi.

"Chukua, bibi," alisema. "Mama yangu angenigomba ningekurudishia tupu."

Saadiya akapokea. Alirudi nyumbani akaketi mbele ya ukuta, sahani mapajani, na hakuitundika tena.